Kufunga choo kwa mwenye ugonjwa wa siliaki: mwongozo wa kulainisha choo kwa chakula na dawa za asili

Mtu anayefunga choo akiomba ushauri, wengi watamwambia ale mkate wa ngano isiyokobolewa, aongeze pumba za ngano kwenye uji, au apike chapati za unga wa atta badala ya unga mweupe. Kwa watu wengi ushauri huo unafaa. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, unaharibu utumbo uleule anaotaka kuutibu. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wale waliokwisha kuacha ngano kwa nidhamu kubwa, choo kikawa kigumu kuliko awali, na sasa kila tiba wanayoelekezwa ama inawarudisha kwenye ngano, ama inawasukuma kwenye dawa kali za kuharisha.

Siliaki ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaokadiriwa kumpata takriban mtu mmoja kati ya kila watu 100 duniani. Gluteni, ambayo ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), huifanya kinga iushambulie utumbo mwembamba na kuviharibu vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya, huufahamu kwa dalili ya kuharisha, na ndiyo maana mgonjwa mwenye choo kigumu anaweza kuhangaika kwa miaka bila mtu kufikiria kumpima, ingawa kufunga choo ni mojawapo ya dalili zake kwa watoto na kwa watu wazima pia.

Kabla ya hatua yoyote

Ikiwa hujapimwa na unashuku tu kwamba una siliaki, usiache ngano kwanza. Kipimo cha kawaida cha damu hutafuta chembe za kinga ambazo hupungua mtu anapoacha gluteni, kwa hiyo aliyeacha ngano kabla ya kupimwa anaweza kupata majibu yanayoonyesha kwamba hana ugonjwa ilhali anao. Endelea kula kama kawaida, pimwa, na ikibidi ufanyiwe uchunguzi wa utumbo kwa kamera na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama, kisha ndipo uanze mlo mpya.

Hakikisha pia kwamba tatizo ni kufunga choo. Kukosa choo siku moja si ugonjwa. Tunasema mtu amefunga choo iwapo anakwenda haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, au anapokwenda hulazimika kujikamua sana, hutoa vipande vigumu kama kokwa, au hubaki na hisia kwamba hajamaliza. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi mitatu au zaidi, ni ya kudumu. Hospitali nyingi hutumia chati ya Bristol, iliyochapishwa mwaka 1997, inayogawa choo katika aina saba. Aina ya kwanza na ya pili ni choo kigumu, na lengo lako ni aina ya tatu au ya nne, yaani choo kilichoshikamana, laini, kinachotoka bila nguvu.

Nenda kwa daktari bila kujaribu tiba ya nyumbani ukiona damu katika choo, ukipungua uzito bila sababu, ukiwa na homa au upungufu wa damu usioeleweka, au ikiwa umevuka umri wa miaka 45 na tatizo limeanza ghafla. Tumbo lililovimba na kuuma, pamoja na kutapika na kushindwa hata kutoa upepo, ni dharura ya siku hiyohiyo, na katika hali hiyo dawa yoyote ya kuharisha inaweza kukuua.

Hatua ya kwanza: tafuta gluteni iliyojificha

Naanza hapa kwa makusudi, kwa sababu utumbo unaoendelea kushambuliwa hautatulia kwa kula papai. Mkate, chapati, mandazi, kaimati, tambi, sambusa, keki na bokoboko kila mtu anajua kwamba ni ngano. Shida iko kwenye vitu ambavyo jina lake halitaji ngano. Urojo huongezewa uzito kwa unga wa ngano. Kachori huchovywa kwenye uji wa unga kabla ya kukaangwa. Vitumbua asili yake ni mchele, lakini wapo wapishi wanaochanganya ngano kidogo ili vishikamane. Unga wa lishe unaouzwa kwa ajili ya uji wa watoto mara nyingi una ngano miongoni mwa nafaka zake, na chipsi za kibandani, ingawa ni viazi vitupu, hukaangwa katika mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano.

Neno shayiri nalo linahitaji uangalifu, kwa sababu madukani hutumika kwa nafaka mbili tofauti. Shayiri ya supu ya Ramadhani, ambayo ndiyo pia ya kutengenezea bia, ina gluteni. Oti, ambayo baadhi ya wauzaji huiita shayiri vilevile, yenyewe huvumiliwa na wagonjwa wengi wa siliaki, lakini huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, kwa hiyo ile isiyothibitishwa kuwa safi si salama. Hali ni hiyohiyo kwa kimea: kimea cha ulezi au mtama kinachotiwa kwenye togwa hakina gluteni, na kimea cha shayiri kilichomo katika bia nyingi na katika vinywaji vingi vya unga vya kifungua kinywa kinayo.

Halafu kuna mashine ya kusaga. Mahindi, ulezi, mtama, uwele na muhogo havina gluteni kabisa, lakini mashine iliyosaga ngano asubuhi itakupa mahindi yenye vumbi la ngano mchana. Tafuta mashine isiyosaga ngano. Ukiikosa, mwombe msagaji apitishe kwanza kilo moja au mbili za nafaka yako, unga huo umpe jirani, kisha usage uliobaki. Kwa bidhaa za pakiti, kiwango cha kimataifa cha kuandika kwamba chakula hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kila kilo. Kiasi hicho ni kidogo mno, na ndicho kinachoeleza kwa nini kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya tambi hakifai kukoroga wali wako.

Andika kila kilichoingia kinywani kwa wiki mbili, pamoja na mahali kilipopikwa. Wagonjwa wengi huipata njia ya gluteni katika kurasa hizo wenyewe, kabla hata ya kumwona mtaalamu.

Hatua ya pili: angalia vidonge na magonjwa yanayoandamana nayo

Utumbo ulioharibika haufyonzi madini ya chuma vizuri, kwa hiyo wagonjwa wengi wa siliaki hupungukiwa damu na kupewa vidonge vya kuongeza damu, na vidonge hivyo ni miongoni mwa vitu vinavyofunga choo zaidi. Usiviache kwa uamuzi wako. Muulize daktari kama unaweza kuvimeza siku moja na kupumzika siku inayofuata, au kubadilishiwa aina. Vidonge vya kalsiamu, dawa kali za maumivu zenye kodeini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta tatizo hilohilo.

Mwenye siliaki ana uwezekano mkubwa kuliko watu wengine wa kuwa na tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, na tezi ikizembea, utumbo nao huzembea. Ikiwa unahisi baridi wakati wengine wanahisi joto, umechoka kila mara na ngozi imekauka, omba kipimo cha tezi. Kisukari cha aina ya kwanza nacho huandamana na siliaki.

Hatua ya tatu: jenga sahani upya kwa nafaka zetu

Aliyeacha ngano mara nyingi hujikuta akiishi kwa wali mweupe, ugali wa sembe na viazi ulaya vilivyomenywa. Vyakula hivyo havina gluteni, lakini pia karibu havina nyuzinyuzi, zile ambazo wataalamu wa lishe huziita makapi-mlo: gramu 100 za wali mweupe uliopikwa hazifikishi hata gramu moja. Mikate ya madukani isiyo na gluteni haina nafuu sana, kwa sababu mingi hutengenezwa kwa wanga uliochujwa wa mchele, mahindi au viazi, na bei yake ni kubwa. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Kufikia kiasi hicho bila ngano kunawezekana kwa vyakula vya sokoni. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 11. Nusu ya parachichi kubwa ina gramu 6 hivi, kiazi kitamu cha wastani kilichochemshwa gramu 4 au 5, na pera lenye uzito wa gramu 100 gramu 5. Sahani ya mchicha huongeza gramu 2 au zaidi. Mtu aliyekunywa uji wa ulezi asubuhi, akala dona na maharage na mchicha mchana, kisha kiazi kitamu na parachichi jioni, amevuka gramu 25 kabla ya kuhesabu tunda.

Badilisha sembe kwa dona, kwa kuwa dona hubaki na ganda la mahindi. Pika kunde, choroko na mbaazi kwa zamu ili usichoke. Loweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kupika, jambo litakalopunguza gesi. Bamia na mlenda nivitaje peke yake: ule utelezi ambao watoto huukataa ni nyuzinyuzi laini inayoshika maji na kukifanya choo kiteleze, na kwa maoni yangu mlenda unastahili kuwa chakula cha kwanza kufikiriwa na mgonjwa wa aina hii, kwa sababu ni rahisi, unapatikana karibu kila soko na hauhitaji kusagwa mashineni.

Kuhusu mapera, wengi huamini kwamba hufunga choo. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani mbegu nyingi ngumu zikiliwa bila maji ya kutosha huweza kukwama, hasa kwa watoto. Pera moja au mawili yaliyoiva vizuri kwa siku hayana tatizo kwa mtu mzima.

Ongeza taratibu. Anayeruka kutoka gramu 10 hadi 30 kwa siku moja atavimbiwa, atajaa gesi na kuhitimisha kwamba maharage yanamdhuru au kwamba amekula gluteni bila kujua. Ongeza kama gramu 5 kwa wiki, na ujipe wiki nne hadi sita kabla ya kuhukumu.

Hatua ya nne: maji, mwendo na kukaa chooni

Nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu. Kunywa hadi mkojo wako uwe wa rangi ya manjano hafifu, na uongeze wakati wa joto na wa kunyonyesha. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake. Tembea kila siku.

Utumbo mpana husukuma kwa nguvu zaidi asubuhi na baada ya chakula, kwa hiyo nenda chooni dakika 15 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, hata kama hujabanwa, na usikae zaidi ya dakika 10. Choo cha kuchuchumaa kinasaidia kwa sababu mapaja yakiinuka, njia ya haja kubwa hunyooka. Ukitumia choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, kisha uinamie mbele kidogo. Anayezuia haja kwa sababu vyoo vya kazini au shuleni ni vichafu ajue kwamba kuzuia kila siku huufundisha mwili kutoisikia haja hiyo.

Hatua ya tano: mbegu na matunda yanayolainisha

Ikiwa mlo na maji havitoshi, ongeza kimoja kati ya vifuatavyo, na kimoja tu kwa wakati mmoja, ili ujue kilichokusaidia.

Kilichochunguzwa zaidi ni maganda ya mbegu za isabgoli, yanayouzwa katika maduka ya dawa na kwa wafanyabiashara wa viungo. Kwa asili hayana gluteni, lakini chagua pakiti isiyochanganywa na kitu kingine. Anza na kijiko kimoja cha chai katika glasi nzima ya maji, kama mililita 240, koroga, kunywa papo hapo kabla hakijaganda, kisha kunywa glasi nyingine ya maji. Baada ya wiki moja unaweza kufanya hivyo mara mbili kwa siku. Asiyeweza kumeza vizuri asitumie, na mtu yeyote asinywe akiwa analala, kwa sababu maganda haya huvimba na huweza kumkaba.

Chia na tukumaria, zile mbegu nyeusi za kwenye faluda, hufanya kazi kwa namna inayofanana. Kijiko kimoja cha chakula cha chia kina takriban gramu 4 za nyuzinyuzi. Ziloweke kwa nusu saa au zaidi hadi zivimbe zote, na usizile kavu, kwani zitavimba kooni. Mbegu za kitani zisage mwenyewe nyumbani, kwa kuwa nzima hupita bila kufanya lolote na zilizosagwa dukani huenda zimepita kwenye mashine ya ngano.

Katika matunda, plamu kavu ndizo zenye ushahidi mzuri. Zina nyuzinyuzi pamoja na sobitoli, aina ya sukari ambayo haifyonzwi vyema na hivyo huvuta maji kuingia utumboni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba gramu 50 za plamu kavu mara mbili kwa siku zilisaidia zaidi kuliko isabgoli. Kwetu ni ghali, na asiyezimudu anaweza kutumia tende tatu au nne na tini zilizolowekwa usiku, kipande kikubwa cha papai lililoiva, au maji ya ukwaju yasiyo na sukari nyingi. Ukwaju na papai zimetumika kwa vizazi vingi kulainisha choo, na ingawa hazijapimwa kwa kina kama plamu, hazina madhara kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Mwenye kisukari ahesabu sukari ya tende na tini.

Isabgoli na mbegu hizi huweza kuzuia dawa kufyonzwa. Acha saa mbili kati yake na vidonge vyako, na kwa dawa ya tezi ya thairoidi muulize mfamasia muda kamili.

Hatua ya sita: sanamaki, na mipaka ya neno asili

Sanamaki, majani yaliyochukua jina lake kutoka Makka, ni dawa ya kweli. Viambato vyake hufika utumbo mpana, hugeuzwa na bakteria waliomo na kuichochea misuli isukume, na kwa kawaida choo hutoka baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo hunywewa usiku. Shida ya majani ni kujua kipimo: konzi moja ya leo inaweza kuwa na nguvu mara mbili ya ile ya jana. Ndiyo maana napendekeza vidonge vya sanamaki vya duka la dawa, ambavyo kiasi chake kinajulikana. Anza na kiasi kidogo kabisa, na usizidishe wiki moja bila ushauri. Msokoto wa tumbo ni ishara kwamba umezidisha.

Mafuta ya mbarika, yanayoitwa pia ya nyonyo, huharisha ndani ya saa chache na huweza kuufanya mfuko wa uzazi ubane, kwa hiyo mjamzito asiyaguse; mbegu zake nazo zina sumu kali na hazitafunwi kamwe. Utomvu wa manjano wa shubiri ni mkali kiasi kwamba mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliuondoa kwenye orodha ya dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti. Chumvi ya haluli ina magnesiamu, ambayo hujilimbikiza kwa mwenye figo dhaifu hadi kuhatarisha mapigo ya moyo.

Mwenye siliaki ana sababu ya ziada ya kujihadhari na dawa hizi. Mwili wake tayari unakosa madini kwa sababu ya utumbo ulioharibika, na kuharisha kwa nguvu huondoa maji na potasiamu aliyobaki nayo. Isitoshe, dawa za unga zilizochanganywa sokoni hazina orodha ya vilivyomo, na muuzaji anaweza kuwa ameongeza unga wa ngano ili zijae. Nunua jani zima au mbegu nzima, kitu unachoweza kukitambua kwa macho. Kumwingizia mtu maji ya sabuni au ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa huunguza utando wa utumbo na kusifanyike nyumbani.

Watoto wasipewe chochote katika hatua hii bila daktari. Kwao papai, maji, uji wa ulezi na kukaa chooni kwa utulivu baada ya chakula ndiyo mwanzo, na daktari akiona inafaa atawaandikia dawa ya maji isiyochochea misuli.

Hatua ya saba: usiogope duka la dawa

Laktulosi na unga wa polietilini glaikoli hushika maji ndani ya choo bila kuukera utumbo, na huweza kutumika kwa miezi chini ya uangalizi. Mtu aliyejaribu hatua zilizotangulia kwa wiki sita bila nafuu atanufaika nazo kuliko kuongeza sanamaki kila usiku. Mwombe mfamasia asome orodha ya viambato vyote, kwa kuwa wanga wa ngano hutumika mara chache kushikilia vidonge.

Rudia kipimo cha damu cha siliaki miezi sita na kumi na mbili baada ya kuacha gluteni. Kikibaki juu, rudi hatua ya kwanza na ile daftari yako. Kikishuka, lakini bado unajikamua kwa muda mrefu na kuhisi kama mlango umejifunga, mwambie daktari maneno hayohayo, kwa sababu kuna wagonjwa ambao misuli ya nyonga hubana wakati inapotakiwa kulegea. Hao hawasaidiwi na nyuzinyuzi wala sanamaki. Husaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia anayewafundisha, kwa vikao kadhaa, namna ya kuilegeza misuli hiyo.